Tusitafute kiki kwa machozi ya watoto

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua niwaseme wazazi wanaosaka umaarufu mtandaoni kwa kutumia watoto wao. Kuhusu vijana wanaohatarisha maisha ili wapate wafuasi tumesoma mengi, na ni haki yaandikwe. Novemba 2017 Wu Yongning, kijana wa China aliyejipatia jina kwa kupanda majengo marefu bila kamba, alianguka kutoka kwenye jengo la ghorofa 62 mjini Changsha akafa, kamera yake mwenyewe ikirekodi. Inauma. Lakini yule alikuwa mtu mzima, aliamua mwenyewe kupanda. Mimi nawasemea ambao hakuna aliyewauliza.

Nafundisha darasa la tatu. Darasani kwangu yumo mtoto wa miaka minane ambaye mama yake alimfanyia mzaha wa kwenye mitandao. Alimwambia kuwa anaondoka na harudi tena, akabeba begi mpaka mlangoni, simu ikiwa imeegeshwa kwenye rafu inarekodi. Mtoto akamng'ang'ania sketi, akalia kwa kwikwi, akaanza kuahidi: sitakojoa tena kitandani, mama, sitakojoa tena. Hapo mama akacheka, akamwonyesha simu, kumbe ni utani. Video ikasambaa. Watu wasiomjua wakacheka, wakaiongezea muziki, wakarushiana kwenye makundi ya WhatsApp, na siku mbili tatu baadaye ilikuwa imeshafika kwenye simu za kaka na dada za wanafunzi wangu.

Kila mtu shuleni sasa anajua kwamba yule mtoto alikuwa akikojoa kitandani. Wenzake wanamwigiza kwa sauti ile ile ya kulia, "sitakojoa tena, mama", kwenye foleni ya maji, mchezoni, hata mimi nikigeuka kuandika ubaoni. Amehamia dawati la nyuma. Zamani alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, siku hizi hata jibu akilijua hanyooshi. Juzi alianguka uwanjani akachubuka goti vibaya. Kabla ya kulia aliangalia kwanza huku na huku, na nilipomwinua aliniuliza kama kuna mtu anarekodi.

Nilimwita mama yake. Ni mama anayempenda mwanawe, na nasema hivyo kwa dhati, kwa sababu ni rahisi mno kumwita mtu katili na kumaliza habari. Aliniambia, "Mwalimu, mbona watu wamempenda sana?" Nilipomweleza yanayotokea darasani aliifuta video siku hiyo hiyo. Ila alichofuta ni nakala yake tu. Waliopakua wanazo, na walioirudia kwenye kurasa zao hawamjui wala hawana sababu ya kumsikiliza.

Kuna jambo aliloniambia ambalo nataka wazazi wenzangu walitafakari. Alikuwa na video nyingi za binti yake akisoma hadithi, akichora, akicheza. Hazikutazamwa na watu wengi. Hiyo ya machozi ikaruka. Programu hizi hupima jinsi mtu anavyokaa kwenye video kabla ya kuipita, na kilio cha mtoto kinamsimamisha karibu kila mtu, kwa huruma au kwa kicheko, kwa programu ni mamoja. Basi mzazi aliyeonja umaarufu huo mara moja akirudi kwenye hadithi na michoro anaona idadi inashuka. Mtandao unamfundisha nini cha kumfanyia mwanawe wiki ijayo, na kilichochekesha mwezi huu mwezi ujao kitahitaji kuzidishwa. Hivi ndivyo mtu mwema anavyojikuta anapanga namna ya kumtisha mtoto wake.

Na wanaotazama si wote wanaocheka. Februari 2019 YouTube ililazimika kufunga sehemu ya maoni kwenye video nyingi zenye watoto, baada ya kubainika kwamba watu wazima wenye tamaa chafu walikuwa wakielekezana humo dakika za kutazama miili ya watoto hao. Zilikuwa video za kawaida za nyumbani, mtoto anacheza, mtoto anaogelea. Mzazi aliyeziweka alidhani anafurahisha jamaa.

Marekani, jimbo la Utah, kulikuwa na mama aitwaye Ruby Franke aliyeonyesha malezi ya watoto wake sita kwenye chaneli iliyokuwa na wafuasi zaidi ya milioni 2. Agosti 2023 alikamatwa, na Februari 2024 akahukumiwa kifungo kwa kuwatesa watoto wake. Sisemi kila anayemrekodi mwanawe atafika huko. Nasema mamilioni walikuwa wakiitazama familia ile, na kutazamwa kote huko hakukuwalinda wale watoto. Binti yake mkubwa, alipokuwa mtu mzima, alikwenda mbele ya wabunge wa jimbo hilo kuwaeleza madhara ya kulelewa mbele ya kamera.

Wapo waliokwisha kuchukua hatua. Mwaka 1939 California ilitunga sheria ya kulinda mapato ya watoto waigizaji, baada ya Jackie Coogan, aliyekuwa nyota tangu utotoni, kukuta fedha zake karibu zote zimetumiwa na mama yake na baba yake wa kambo. Ufaransa mwaka 2020 ilipitisha sheria ya watoto wa mitandaoni: mapato yao yawekwe akiba hadi wafikie utu uzima, na mtoto aweze kudai video zake zifutwe bila kusubiri ridhaa ya wazazi. Hilo la pili ndilo ninalolitaka zaidi. Fedha hata zikipotea hutafutwa tena. Yule mwanafunzi wangu anachotaka ni video iondoke, na leo hana mlango wa kubisha.

Wabunge wetu nawaomba walifanyie kazi. Mzazi mwenzangu, nawe nakuomba: mtoto akiwa analia, anaadhibiwa, anaumwa au anaoga, weka simu chini.

Nawe Mhariri nina ombi kwako. Kurasa za mtandaoni za magazeti nazo huchukua klipu kama hizi na kuziita burudani. Msizichukue. Na kama mnalazimika kuandika habari yake, fichani sura na sauti ya mtoto.

Jina langu na la shule yangu nimekuandikia pembeni. Naomba usiyachapishe, nisije nikamwongezea mtoto huyu watazamaji.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa darasa la tatu