“Poa” ya mwanafunzi isiwapoteze washauri

Ndugu Mhariri,

Kila likitokea la mwanafunzi kujidhuru au kutoroka shule, wito ni uleule: waongezwe walimu wa ushauri nasaha. Naunga mkono. Ila wapo watoto ambao ushauri huo, kwa namna unavyotolewa sasa, hauwafikii.

Nazungumzia wenye tatizo la ukuaji wa lugha. Hawa si viziwi, hawana usonji, na akili zao ni timamu. Shida yao ni kuelewa maneno yakiwa mengi na kuyapanga ya kwao, na wengi huenda nayo hadi utu uzima. Utafiti wa Surrey, Uingereza, uliochapishwa 2016, ulikuta zaidi ya asilimia 7 ya watoto wanaoanza shule wako hivyo, kama wawili katika darasa la watoto 30. Madarasa yetu mnayajua yanavyojaa.

Mwanangu yuko kidato cha pili. Mwalimu akisema, “Kabla hujafungua daftari, rudisha kitabu kwa monita,” yeye hufungua daftari, maana alichodaka ni hicho. Basi ni mkaidi huyo, atoke nje! Nyumbani ukimuuliza kulikoni, anaanzia katikati: “Yule akanipokonya, halafu mwalimu... mimi sikuwa... kile...” Hapo ananyamaza, anapanda kitandani na sare yake. Ndugu wanasingizia Kiingereza cha sekondari. Kimemwongezea mzigo, kweli, lakini Kiswahili chenyewe kilikuwa kinamponyoka tangu chekechea. Na wanaotushauri tuache kumsemesha Kiluguru cha bibi yake wanakosea. Lugha mbili hazileti tatizo hili.

Watafiti wa Manchester waliowafuatilia watoto wa aina hii tangu wakiwa na miaka 7 walikuta kwamba kufikia 16 dalili za wasiwasi na sonona zilikuwa nyingi kwao kuliko kwa wenzao. Sishangai. Anayechekwa kila akifungua mdomo hujifunza kuufunga.

Sasa mpeleke kwa mshauri. Wetu alimuuliza kwa pumzi moja anajisikiaje, tangu lini, na anadhani chanzo ni nini. Kijana akajibu, “Poa.” Ikaandikwa kwamba hana tatizo.

Wataalamu wa tiba ya usemi na lugha ni wachache mno Afrika Mashariki; Makerere yenyewe ilianza kufundisha shahada hiyo 2008 tu. Kwa hiyo siombi kila shule ipewe wake. Naomba wanaosomea ushauri nasaha wafundishwe kuuliza swali moja, fupi, kisha wasubiri bila kummalizia mtoto sentensi. Wampe karatasi achore kilichotokea, au picha za nyuso aonyeshe kwa kidole. Dada yake humfanyia hivyo, na ndivyo tulivyojua kwamba anapigwa njiani.

Na zile fomu za maswali ya afya ya akili, asomewe swali moja moja. Asiachiwe ajaze peke yake.

Mzazi,
Morogoro