Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Tulikutana Jumamosi kama kawaida, tukasoma kitabu cha Jane Goodall cha mwaka 1971 kuhusu sokwe wa Gombe na kile cha Wangari Maathai cha mwaka 2006, tukapanda miti, tukapeleka vitabu katika shule mbili. Namshukuru katibu kwa kumbukumbu nzuri.

Nije kwenye suala lililoleta maneno mengi: kitabu cha Bernhard Grzimek, mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani, kuhusu Serengeti, cha mwaka 1959. Imesemwa kwamba nilikichagua peke yangu, na kwamba kinawabeza Wamaasai.

La kwanza si kweli. Kamati iliitwa mara mbili, akidi haikutimia, na katiba yetu inamruhusu mwenyekiti kuamua ili kazi isilale. Nakala nilizitafuta mimi, na kurasa ngumu nikazitafsiri usiku nikitoka kazini.

La pili nalijibu kwa kirefu. Ni kweli Grzimek alitaka asiishi mtu ndani ya hifadhi, hata mwenyeji, na mwaka huohuo wa 1959 Wamaasai walihamishwa Serengeti kwenda upande wa Ngorongoro. Ndiyo maana nilitaka tukisome. Yeye na mwanawe Michael waliwahesabu wanyama kwa ndege iliyopakwa milia ya pundamilia, na nyumbu hawakufika laki moja. Leo wanapita milioni, na sababu kubwa ni kutokomezwa kwa sotoka, ugonjwa hatari wa ng'ombe unaoambukiza pia nyumbu, baada ya ng'ombe wa vijiji jirani kuchanjwa. Chanjo ya ng'ombe wa mfugaji ndiyo iliyowaokoa nyumbu! Tungelijadili lini jambo hili tusingekifungua kitabu? Michael alifariki Januari 1959 ndege yake ilipogonga tumbusi, na kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, mahali waongoza watalii wetu wanapapita kila mara.

Waliokuwepo wanakumbuka mzee wetu mmoja alivyosimama, akakifunga kitabu, akasema babu yake alichunga Moru, ndani ya Serengeti, kwenye miamba yenye michoro ya ngao za Kimaasai hadi leo. Hakuna aliyegusa simu. Uamuzi ule ulikuwa sahihi na ninausimamia. Inasikitisha kwamba siku hiyo tulikuwa 11 tu, na waliolalamika zaidi hawakufika.

Hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Wanachama ni 41, waliolipa ada ni 17. Tulitegemea shilingi 1,230,000, tukapata 510,000: vitabu 285,000, ukumbi 120,000, chai na vitumbua 96,000, salio 9,000. Zaidi ya mara moja nimelipia ukumbi kwa fedha zangu bila kudai. Wanaoazima vitabu bila kulipa ada, na wengine bila kuvirudisha, naomba wajitafakari.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kupata kabati la vitabu, kuongeza vijana, na hali ikiruhusu, kuzuru Ngorongoro pamoja.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti