Kinga za kompyuta zibaki, ila mwenye mashine aachiwe funguo

Mhariri,

Kila siku nasikia watu wanalalamika eti kompyuta ni yangu, pasiwedi ya admini, yaani msimamizi wa mashine, ninayo, sasa huu mfumo wa uendeshaji, kama Windows, unanikatalia nini kugusa mafaili yake? Nawaelewa kabisa, mali ni yako, lakini kuna kitu wanakisahau, mfumo haumuoni mtu, unaona programu tu, na programu yoyote ukishaibofyia "Ndiyo" iwe admini inapata nguvu zilezile ulizonazo wewe, hata kama ni kirusi.

Mnakumbuka CIH, programu ya kirusi ya 1998, ile wengine waliita Chernobyl? Kwenye Windows 95 na 98 ilipenya mpaka kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo, kule programu inakoongea na vifaa moja kwa moja bila kuulizwa, ikaharibu data kwenye diski ya kompyuta na kwenye baadhi ya mashine ikaandika takataka juu ya baiosi, ile programu ndogo ya kuiwashia mashine, hapo hata uinstoli upya vipi haiwaki, mpaka ubadilishe chipu au mazabodi nzima. Windows NT, toleo jingine la wakati huohuo, ilisalimika maana haikuwa inaachia programu za kawaida zifike huko.

Na mnaotumia Linux, mfumo mwingine wa uendeshaji, msicheke, 2016 kuna laptop zilikufa kabisa kwa sababu admini alipiga amri ya kufuta mafaili yote, na mipangilio ya UEFI, yaani baiosi ya kisasa, nayo ilikuwa imewekwa kama mafaili tu, ikafutika. Admini halali, amri halali, mashine imekufa! Ndio baadaye kerneli ikabadilishwa isikubali kuifuta kirahisi hivyo.

Ila na makampuni yanayofunga mlango halafu yanaondoka na funguo siyaungi mkono hata kidogo. Apple walipoleta El Capitan, toleo la mfumo wa kompyuta zao za Mac, 2015 walifanya kitu ambacho mimi naona ndio chenyewe, hata admini hawezi kugusa mafaili ya mfumo, lakini mwenye mashine akiamua anaizima, anaiwasha kwenye rikavari, yaani hali ya kurekebishia mfumo, anaitoa kinga kwa mkono wake. Kirusi kilichojificha kwenye programu hakiwezi kukaa mbele ya kompyuta kikafanya hivyo kwa niaba yako, na tofauti yote iko hapo.

Tunachotakiwa kuwadai watengenezaji ni njia kama hiyo iwepo kwenye kila kompyuta na kila simu tunayonunua, na iandikwe wazi kwenye kijitabu chake, siyo mpaka mtu ahangaike kuitafuta.

Msomaji wenu