Msiwacheke wanaotafuta babu vitabuni

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji mwenzangu wa Arusha, yule aliyewacheka wazungu wanaosafiri kutafuta majina ya babu zao kwenye vitabu vya kanisa. Alisema mtu mzima anayeshinda akifunua majina ya marehemu apewe jembe. Nilicheka, halafu nikaudhika, maana kwa miaka kumi na tisa nimekula kwa kufunua majina hayohayo. Nilikuwa karani wa parokia moja huku juu mlimani Kilimanjaro. Jina lake siliandiki, na mkisoma mpaka chini mtaelewa sababu.

Wengi mnaijua kazi hiyo kutoka upande wa dirishani. Mtu anafika mbio, anataka cheti cha ubatizo. Ndoa ni Jumamosi, au kitambulisho cha taifa kimekwama kwa sababu ya mwaka wa kuzaliwa. Ukimuuliza alibatizwa lini, anakwambia, "Mama karani, ilikuwa ile masika daraja liliposombwa." Haya, ingia ndani ukatafute daraja. Desemba ndiyo balaa, wana wa nyumbani wanaporudi toka Dar wote kwa pamoja na kila mmoja anaondoka kesho.

Mwaka 2016 alikuja kwetu mama mmoja, muuguzi mstaafu wa New Brunswick, Kanada, kujitolea zahanati. Masika ilimkuta, barabara ikawa uji, akawa anashinda ofisini kwangu na kikombe cha chai. Siku moja nilikuwa nahangaika na kitabu chetu cha kwanza kabisa. Mapadre wa shirika la Roho Mtakatifu walioanza misheni ya Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na ya Kibosho mwaka 1893, wengi walitoka Ufaransa na Alsace, na mwandiko wao una mikia na vikunjo vya kumchosha mtu macho. Yule mama akainama, akausoma kama anasoma gazeti. Nikamuuliza amejifunzia wapi. Akasema, "Huu ni mwandiko wa kwetu, dada. Nimewatafuta wazee wangu humu miaka thelathini."

Kumbe yeye ni Muakadia. Nilikuwa sijapata kulisikia neno hilo. Akadia lilikuwa koloni la Wafaransa, sehemu ambayo leo ni Nova Scotia na majirani zake. Port-Royal, makazi yao makuu, waliijenga mwaka 1605. Walijenga kingo za udongo kuzuia maji ya bahari, wakalima mabonde waliyoyakomboa. Baadaye Waingereza wakaitwaa nchi, na mwaka 1755 wakaanza kuwafukuza wenyewe. Tarehe 5 Septemba mwaka huo wanaume na vijana 418 wa Grand-Pré waliitwa kanisani, lilelile walilobatiziwa wengi wao, wakasomewa amri kwamba ardhi na mifugo yao ni mali ya mfalme na wao watapakiwa merikebuni. Wakatawanywa kwenye makoloni ya Waingereza, wengine Uingereza, wengine Ufaransa, na wengi wakaishia Louisiana.

Sasa mtafute babu wa namna hiyo! Hata jina linakuhama. LeBlanc akifika kwa Waingereza anakuwa White. Mwingine ana jina la ukoo na juu yake la utani, kama François Girouard aliyeitwa pia La Varanne, na karani mmoja anaandika hili, mwingine lile. Hapo nilimwelewa bila mkalimani. Mimi nimekuta ndugu wa tumbo moja, mmoja Kimaro mwingine Kimario, na wote wawili wananigombeza mimi.

Yule mama ni wa ukoo wa LeBlanc. Alinieleza kwamba akina LeBlanc wote wa Akadia wanatoka kwa Daniel LeBlanc na mkewe Françoise Gaudet, walioishi Port-Royal. Nikamwambia huku kwetu ukoo kama huo ungekuwa unachinja kila mwisho wa mwaka. Akanionyesha kwenye simu picha za sensa ya Akadia ya mwaka 1671. Aliyeiandika ni padre, Laurent Molin, akipita nyumba kwa nyumba: watu wasiofika mia nne, kazi zao, umri wao, ng'ombe, kondoo na shamba. Alipofika kwa mkulima mmoja, Étienne Robichaud, mwenye nyumba hakutaka kumwona. Alitoka zake, akamwachia mke kazi ya kumwambia padre kwamba hatatajiwa mifugo wala ardhi. Pierre Lanoue, fundi mapipa, alituma neno kwamba yeye ni mzima wa afya na umri wake hausemi. Padre wa watu akayaandika yote hayo, pale ambapo ingekaa namba. Nilicheka mpaka machozi. Nawajua watu hao, wako jumuiya yetu.

Lakini nilichokitazama zaidi kilikuwa jina la mke. Kila nyumba, mwanamke ameandikwa kwa jina la kwao. Françoise Gaudet, siyo "mke wa LeBlanc" basi. Yule mama aliweka kidole pale akasema bila jina hili ningekuwa nusu yatima.

Nikamuuliza, na vitabu vya kanisa vilipona vipi, kama watu walitolewa hivyo? Vya Port-Royal, vya kuanzia 1702 mpaka 1755, vingi vipo Nova Scotia na vimepigwa picha. Vya Grand-Pré, vya 1707 hadi 1748, wenyewe walivibeba. Ebu fikiri, msomaji mwenzangu wa jembe: umefukuzwa, nyumba inachomwa nyuma yako, na katika mzigo wako umetia daftari la ubatizo. Leo vimehifadhiwa na dayosisi ya Baton Rouge, Louisiana. Na wale wa kisiwa cha Belle-Île-en-Mer, Ufaransa, familia 78 zilizopelekwa huko mwaka 1765, hawakuwa na vitabu vyao. Basi mwaka 1767 iliamriwa waitwe mmoja mmoja mbele ya padre, waape, wataje baba, mama, babu, bibi, mpaka yule wa kwanza aliyevuka bahari, na nani alifia wapi. Yote yakaandikwa. Watafutaji wa leo wanayategemea sana maandishi yale.

Nilipostaafu nilikwenda kwenye parokia ya mama yangu kumtafuta bibi aliyemzaa bibi. Nilimpata siku ya pili, mchana. Mstari mmoja: Maria, mwezi na mwaka wa kubatizwa, jina la msimamizi, na mahali pa wazazi kuna neno moja la Kilatini, *pagani*. Wapagani. Hakuna baba, hakuna mama, hakuna ukoo. Pembeni, kwa wino mwingine, wameandika aliolewa na nani. Nilikaa na lile neno nikawaza kwamba fundi mapipa aliyekataa kusema umri wake anajulikana kuliko watu walionizalia bibi.

Ningependa kuwalaumu mapadre wa zamani niishie hapo, lakini kalamu imepita mkononi mwangu pia. Safu ya mama katika vitabu vyetu ni nyembamba. Kwa miaka kumi na tisa nimeandika Anna, Maria, Yosefina, nikapitiliza. Ukoo wa mama nilikuwa naujua, mara nyingi mama mwenyewe alikuwa amesimama mbele yangu na mtoto mgongoni. Sikuuandika kwa kuwa hapakuwa na nafasi na foleni ilikuwa ndefu.

Na kile kitabu cha kwanza, kile alichokisoma yule mama kama gazeti, sasa hakipo. Mchwa walipanda kupitia ukuta wa nyuma ya kabati. Nilitoa taarifa mara mbili walipoonekana. Mara ya kwanza niliambiwa niandike barua, mara ya pili niliulizwa barua iko wapi. Tulipofungua kabati lilibaki jalada na vumbi la kahawia lenye harufu ya udongo wa mvua. Hatukuwa tumepiga hata picha moja, na simu nilikuwa nayo mfukoni miaka yote hiyo.

Ninachoomba kwa maparoko na wachungaji wa mkoa huu ni hizo picha tu. Vijana wa kwaya wana simu nzuri kuliko kamera za zamani. Wape Jumamosi mbili, ukurasa kwa ukurasa, dirisha likiwa wazi, bila mwanga wa simu maana unang'aa kwenye wino. Picha zitunzwe jimboni au dayosisi, na za watu walio hai zisifunguliwe ovyo. Na makarani wenzangu, andikeni ukoo wa mama hata kama ni pembezoni.

Mimi nimeanza na daftari la kaunta. Baada ya misa ya kwanza nakaa na wazee chini ya mwembe, wanataja, naandika. Jumapili iliyopita nilimfikia bibi mmoja, akanitajia ukoo wa mama yake, wa bibi yake, na kihamba, shamba la ukoo, walichotoka kabla ya Wajerumani. Nilipomuuliza umri alivuta kanga yake akanitazama. Akasema niandike kwamba yeye ni mzima.

Karani mstaafu wa parokia,
Majengo, Moshi