Risala ya Masaisi kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Mbio za Oaks

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, wenye farasi, wakufunzi, wapanda farasi, mabibi na mabwana.

Kwa heshima na taadhima, sisi masaisi, watunza farasi mabandani, tunakukaribisha. Tulikutarajia saa nne. Kufika kwako saa saba kunatuonyesha jinsi taifa linavyokutegemea.

Historia haitatuchelewesha. Oaks ilianza Epsom, Uingereza, mwaka 1779, Earl wa 12 wa Derby alipoandaa mbio za mitamba, yaani farasi majike wachanga, wa miaka mitatu na kuzipa jina la nyumba yake. Alishinda Bridget, farasi wake mwenyewe. Hizo mbio za Derby zinazovumishwa sana zilifuata mwaka 1780, majike walitangulia. Mwaka 1902 Sceptre alishinda Oaks na mbio nyingine tatu kubwa, mbili kati yake akiwabwaga madume. Mwaka 2021 Snowfall aliwaacha wenzake kwa urefu wa farasi 16. Jina likafika kwetu, na Oaks ya Kenya hukimbiwa Ngong, uwanja uliofunguliwa mwaka 1954. Katika majina hayo yote, Mheshimiwa, hamna saisi. Tuendelee.

Kikundi chetu kimepiga hatua kubwa. Tumenunua matoroli mawili ya samadi, tumefungua akaunti ya benki, na timu yetu ya kandanda imefika nusu fainali. (Timu zilikuwa nne.)

Sasa ombi letu. Siku ya mbio, gari la wagonjwa hufuata farasi hatua kwa hatua. Jumatatu alfajiri, mabandani kwetu, halipo, na mtamba hapigi teke Jumapili peke yake. Mwaka jana mwenzetu alivunjwa goti saa kumi na moja na nusu. Tulimpakia kwenye bodaboda, mmoja wetu nyuma akiushikilia mguu. Kabla hajafika hospitali, daktari wa mifugo alikuwa ameshamkagua mtamba kwato na kumkuta salama. Tulishukuru kwa upande wa mtamba.

Mgeni wetu wa mwaka 2022 aliahidi chumba cha huduma ya kwanza. Wa mwaka 2023 aliahidi kuifuatilia ahadi ya wa 2022. Wa mwaka 2024 alitugawia kofia, na utaona tumezivaa.

Chumba chenyewe kipo, ile stoo ya zamani ya nyasi kavu. Kinahitaji sakafu ya saruji, maji ya bomba, kitanda, machela, na muuguzi mmoja kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne. Makadirio yamo katika bahasha uliyokabidhiwa. Nakala ya pili anayo msaidizi wako na ya tatu anayo dereva wako, kwani za wageni waliotangulia zilipotelea njiani. Jiwe la msingi pia lipo, lilizinduliwa mwaka 2022. Tunakuomba kwa unyenyekevu usilizindue tena.

Farasi wa mbio za tatu wameanza kuzungushwa. Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya masaisi