Zahanati binafsi: bei ni ndogo, lakini pesa nyingi zinapotelea kwenye fomu

Mhariri,

Tangu mvutano wa Machi 2024, hospitali binafsi zilipositisha kupokea kadi za NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) kwa sababu ya kitita kipya, yaani orodha ya huduma na bei ambazo mfuko hulipa, mazungumzo yetu yamekwama kwenye bei. Bei ni ndogo, hatubishi. Ila zahanati yenye tabibu mmoja na wauguzi wawili haina ubavu wa kumpangia mlipaji bei. Inachoweza ni kuzuia madai inayopeleka bima yasikatwe, na hapo ndipo wengi tumezembea.

Chukua malaria. Mtoto wa kilo 12 akiandikiwa ALu (dawa mseto ya malaria), dozi yake ni kidonge kimoja mara mbili kwa siku, siku tatu: vidonge 6. Kilo 15 hadi 24 ni vidonge 12, kilo 25 hadi 34 ni 18, kuanzia kilo 35 ni 24. Tabibu asipoandika uzito, mhakiki wa madai wa bima hana cha kulinganisha na vidonge vilivyodaiwa. Anakata. Kipimo kinasoma hasi na dawa imetoka, anakata. Namba ya ugonjwa ni ya homa tu, dawa ni ya malaria, anakata. Kuna pia daraja la dawa: orodha ya taifa ya dawa muhimu inaonyesha dawa ipi inaanzia zahanati na ipi inaanzia kituo cha afya au hospitali. Ukitoa ya hospitali kwenye zahanati, hata kama mgonjwa amepona, umeitoa sadaka.

Tuseme madai ya mwezi ni shilingi milioni 8 na makato ni asilimia 15. Hiyo ni milioni 1.2 kwa mwezi, milioni 14.4 kwa mwaka, na dawa zake ulishazinunua kwa taslimu.

Dawa ya makato ni mtu mmoja mwenye jukumu la kupitia fomu kila jioni. Kila jioni, si tarehe 30, maana mwisho wa mwezi tabibu hakumbuki tena mtoto yule alikuwa na kilo ngapi. Kadi ihakikiwe mgonjwa angali dirishani, na sahihi yake ichukuliwe akishapata dawa, si anapoingia. Taarifa ya makato ikirudi isifungiwe kwenye droo ya mmiliki. Isomwe na aliyejaza fomu.

La pili ni mtaji. Zahanati inayoingiza milioni 12 kwa mwezi, nusu kupitia bima, malipo yakichelewa miezi miwili ina milioni 12 zilizo nje. Muuzaji wa dawa za jumla hasubiri. Fedha hizo zitafutwe kabla ya kusaini mkataba wa bima, zisichotwe kwenye fungu la dawa. Rafu ikiwa tupu, hata mgonjwa wa taslimu anavuka barabara.

Tusidharau huduma zisizolipa. Chanjo za watoto serikali inazitoa bure, hata kwa vituo binafsi vilivyoidhinishwa. Gharama yako ni muuguzi, umeme na jokofu linalobaki kati ya nyuzi 2 na 8. Umeme ukikatika Jumamosi na hakuna wa kuangalia kipimajoto, Jumatatu unatupa chanjo. Lakini mama aliyezoea kuleta mtoto kliniki kwako ndiye atakayemleta bibi mwenye presha. Huyo bibi mpangie siku maalumu kila mwezi, umwandalie dawa za siku 30, na usipomwona mpigie simu.

Mashine ya ultrasaundi ni mzigo kwa zahanati moja. Zahanati nne za jirani zinaweza kumchukua mtaalamu mwenye mashine ya kubeba, kila moja siku yake. Waandikishane mapema nani analipa probu (kile kishikio kinachopitishwa mwilini) ikianguka, kwa sababu huanguka.

Mfuatiliaji wa madai ya bima,
Morogoro