Barua ya wazi kwa Msimamizi wa Msitu wa Taifa wa Coconino, Arizona

Mheshimiwa Msimamizi,

Nakala ya Kiingereza nimeiacha mapokezi, ofisini kwako. Hii ya Kiswahili ni ya wenzangu tulio Arizona, maana msitu ule ni wa umma, na sisi nasi ni umma.

Agosti nilipanda kilele cha Humphreys. Njia inaanzia kwenye maegesho ya Arizona Snowbowl, kituo cha kuteleza kwenye theluji kilicho ndani ya msitu huo, inapita chini ya viti vya kebo vinavyopandisha watelezaji, ndipo inaingia msituni. Ukivuka futi 11,400 ni marufuku kutoa mguu nje ya njia, kwa sababu ya Packera franciscana, mmea wa maua ya njano usiozidi shibiri, usioota penginepo duniani. Mimi mtu wa Machame. Huo ni jamaa wa mbali wa yale masenesio makubwa ya Kilimanjaro, mimea mirefu kama miti. Sikunung'unika. Mkate wangu niliula nimesimama njiani.

Wakati wa kushuka nikaiona vizuri miteremko iliyonyolewa. Ofisi ileile inayonihesabia hatua ndiyo iliyoruhusu, mwaka 2005, makumi ya ekari yafyekwe na bomba lipandishwe kutoka mji wa Flagstaff likileta maji taka yaliyosafishwa, hadi galoni milioni 1.5 kwa siku, ya kutengenezea theluji ya Snowbowl. Mashine zikaanza kuyarusha Desemba 2012. Kusafisha kunaua vijidudu, lakini mabaki ya dawa na homoni tunazomeza mjini hayatoki yote. Wakati wa baridi mwanangu nilimpokonya konzi ya theluji aliyokuwa akiipeleka mdomoni, kwa kuwa maji hayo si ya kunywa. Udongo hauna wa kuupokonya. Theluji ikiyeyuka inazama humo, kwenye mlima ambao mataifa 13 ya wenyeji, Wanavajo na Wahopi wakiwemo, wanauheshimu kama mahali patakatifu.

Utaniambia kesi za kupinga theluji hiyo zilikwisha. Kweli, wenyeji walishindwa 2008, na 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuwasikiliza. Ila majaji walisema ofisi yako inaweza kuruhusu. Hawakusema lazima iruhusu.

Kwa hiyo likiletwa ombi jingine la kupanua Snowbowl, lipimwe kwa kipimo kilekile cha mguu wangu. Kabla mti haujaguswa, pimeni maji ya theluji inapoyeyuka, dawa na homoni zikiwemo, kisha mbandike majibu pale maegeshoni, njia inapoanzia. Aprili nitapita kuyasoma.

Wako,
Mpanda mlima, Flagstaff